Ulemavu huhama na mtu, msaada hubaki kwa chifu

FAMILIA inayoishi Naro Moru, Kaunti ya Nyeri, ikiamua kuhamia Nanyuki husafiri kilomita 20 na ushei tu. Barabara ni ileile, mlima unaoonekana dirishani ni uleule, na lugha ya sokoni haibadiliki. Vitanda, sufuria na kuku hupakiwa katika lori moja na kufikishwa kabla ya adhuhuri. Lakini ikiwa katika familia hiyo yumo mtu mwenye ulemavu mkubwa, asiyeweza kula, kuoga wala kujigeuza kitandani bila kusaidiwa, kuna kitu kimoja ambacho hakipandi lori hilo: nafasi yake katika orodha ya wanaosaidiwa na serikali.

Nanyuki ni mji wa Kaunti ya Laikipia. Anayehamia huko ametoka mikononi mwa chifu mmoja na kuingia mikononi mwa mwingine. Ametoka eneobunge la Kieni na kuingia Laikipia Mashariki. Kabla ya ugatuzi kuanza kutekelezwa mwaka 2013, mwendo huo mfupi ulikuwa safari ya kutoka Mkoa wa Kati hadi Mkoa wa Bonde la Ufa. Mikoa mitatu ilikutana kando ya Mlima Kenya: Nyeri ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati, Embu makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, nayo Nanyuki ikaangukia Bonde la Ufa. Mikoa imekwenda na kaunti zimekuja, lakini mipaka haikupungua. Imeongezeka.

Kwa mfanyabiashara wa viazi au dereva wa matatu, mipaka hiyo haina uzito wowote. Hununua Timau, akauza Karatina, akalala Embu, na hakuna anayemuuliza yeye ni wa lokesheni gani. Kwa mtu anayetegemea kuuguzwa nyumbani maisha yake yote, mpaka huo huo unaweza kuwa tofauti kati ya kuwa na chakula mwezi huu na kukikosa.

Msaada unaozungumziwa ni mpango wa serikali kuu wa kuwalipa fedha watu wenye ulemavu mkubwa, ulioanzishwa mwaka 2011. Ni mmoja wa mipango iliyokusanywa chini ya jina la Inua Jamii, pamoja na ule wa mayatima na watoto walio katika hali ngumu ulioanza mwaka 2004, na ule wa wazee. Kiwango chake ni Sh2,000 kwa mwezi, na kwa miaka mingi zimelipwa kwa mafungu ya Sh4,000 kila baada ya miezi miwili, pale ambapo hazikuchelewa. Hadi mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa hakijapanda kwa zaidi ya mwongo mmoja, ingawa bei ya unga, sabuni na nepi za watu wazima haikusimama kuingoja Hazina ya Kitaifa.

Ni muhimu kueleza fedha hizo ni za nini hasa, kwa kuwa watu wengi hudhani ni sadaka ya mlemavu. Mpango huu unamlenga mtu ambaye ulemavu wake unahitaji mtu mwingine wa kuwa naye usiku na mchana. Mtu huyo wa pili, ambaye katika makaratasi huitwa mlezi, ndiye anayechukua pesa kwa niaba yake. Kenya haina mfumo wa serikali wa kutuma wauguzi wa kulipwa kukaa katika nyumba za walemavu. Kuna mama, dada, nyanya, na mara chache baba au kaka, aliyeacha kibarua cha kuchuma majani chai ili ashinde na mgonjwa. Zile Sh2,000 ndicho kitu pekee kinachokaribia kuwa mshahara wa kazi hiyo. Ndizo huduma ya nyumbani.

Sasa, orodha ya wanufaika inaundwaje? Haiundwi Nairobi. Kwa mujibu wa vigezo vya mpango wenyewe, kaya inayosajiliwa sharti iwe maskini kupindukia, iwe na mtu mwenye ulemavu mkubwa, isiwe na mwanachama anayepokea pensheni au malipo mengine ya aina hiyo, na iwe imeishi katika lokesheni husika kwa zaidi ya mwaka mmoja. Majina hupendekezwa mashinani, yakasomwa katika baraza, wanakijiji wakathibitisha au wakapinga, kisha yakapelekwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Nafasi nazo hugawanywa kwa maeneo. Mpango ulipoanza, kila eneobunge lilipewa nafasi chache sana, na hata baada ya kupanuliwa kitaifa, idadi ya kaya zilizokuwa zikilipwa kufikia mwaka 2018 ilikuwa takriban 47,000 katika nchi nzima.

Linganisha idadi hiyo na matokeo ya sensa ya mwaka 2019, yaliyoonyesha kwamba watu zaidi ya 900,000 wenye umri wa miaka mitano na kuendelea walikuwa na ulemavu wa aina fulani. Ni kweli kwamba si wote wanaohitaji kulishwa na kuogeshwa. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba nyuma ya kila jina lililo katika orodha kulikuwa na foleni ndefu ya majina yaliyosubiri.

Mtu anapoondoka Naro Moru, kwa hiyo, anaacha nyuma nafasi iliyohesabiwa kuwa ya Kieni. Akifika Nanyuki anakuta nafasi za Laikipia Mashariki zimejaa na foleni ya wenyeji inamtazama. Chifu mpya hamjui. Wazee wa kijiji hawajui kama ulemavu huo ni wa kuzaliwa au wa ajali, kama familia ni maskini kweli au imeuza shamba na kuja mjini na pesa mfukoni. Kisha kuna kile kigezo cha kuishi mahali kwa mwaka mmoja na zaidi, ambacho kwa aliyefika wiki iliyopita ni mlango uliofungwa.

Taratibu za mpango zinaruhusu taarifa za mnufaika kubadilishwa, kama vile jina la mlezi linapokuwa si lile la zamani. Lakini kurekebisha taarifa ni jambo moja, na kumpokea mtu katika hesabu ya eneo jingine ni jambo lingine. La kwanza ni kazi ya kalamu. La pili linahitaji mtu fulani akubali kwamba eneo lake sasa lina mzigo mmoja zaidi.

Ajabu ni kwamba fedha zenyewe hazifungwi na mahali. Katika miaka ya mwanzo wanufaika wengi wa mipango hii walipanga foleni katika ofisi za posta, wengine wakibebwa mgongoni. Mnamo 2018 serikali ilianza kulipa kupitia akaunti za benki ambazo mnufaika alichagua mwenyewe, na kadi ya benki haijali kama tawi liko Nyeri, Kerugoya au Chuka. Upande wa malipo ulikwisha kukubali kwamba binadamu huhama. Upande wa orodha haujakubali.

Pengo hilo kati ya benki na baraza ndilo lililozaa desturi ambayo kila mtu aliye karibu na mpango huu anaifahamu, ijapokuwa hakuna anayependa kuisema mbele ya afisa. Familia huhama na mgonjwa, lakini huliacha jina lake nyumbani. Mlezi huendelea kutoa pesa mjini kwa kadi, na siku ya uhakiki inapotangazwa hupanda matatu kurudi kijijini, pengine akiwa na mgonjwa mwenyewe, ili waonekane. Asipopata habari mapema, au mgonjwa akiwa hawezi kusafirishwa siku hiyo, majirani huulizwa, nao hujibu kwa ukweli kwamba hawajamwona kwa miezi mingi. Katika daftari, mtu asiyeonekana anafanana sana na mtu aliyekufa.

Serikali haiwezi kulaumiwa kwa kufanya uhakiki. Mipango ya aina hii imewahi kuwa na majina ya marehemu waliozikwa zamani na pesa zao zikaendelea kutoka. Lakini uhakiki unaofanyika mahali ambapo mtu alikuwa, badala ya mahali alipo, humwadhibu aliyehama kana kwamba amefanya udanganyifu. Na kwa kuwa familia inajua hivyo, inalazimika kudanganya kidogo. Mfumo unamfunza mtu mwaminifu kusema kwamba bado anaishi Naro Moru.

Suala la mlezi linafaa kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu mara nyingi ndilo chanzo cha kuhama kwenyewe. Mtu mwenye ulemavu mkubwa si yeye anayeamua kwenda Embu kutafuta maisha. Huhamishwa. Mama aliyemlea huko Othaya kwa miaka 30 anapofariki, dada aliyeolewa Runyenjes ndiye anayekubali kumchukua. Katika wiki moja mambo mawili yamebadilika kwa pamoja: aliyeandikishwa kuchukua pesa amezikwa, na anayestahili kuzipokea amevuka kaunti mbili. Yule dada anahitaji cheti cha kifo cha mama, barua ya chifu wa Othaya, kitambulisho chake mwenyewe, na akaunti mpya, tena anahitaji kuvipata akiwa na mtu kitandani ambaye hawezi kuachwa peke yake hata kwa saa tatu. Nani atamwogesha huyo wakati dada yu safarini kufuata mhuri? Swali hilo halimo katika fomu yoyote.

Katika kipindi hicho cha katikati, ambacho ndicho kigumu kuliko vyote kwa gharama, matanga yakiwa ndiyo kwanza yameanuliwa, msaada ndipo unapokatika. Si kwa sababu kuna aliyeamua kuukata. Umekosa tu mtu wa kuupokea.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni matukio machache, kwamba mlemavu mkubwa hukaa palepale alipozaliwa. Historia ya Nyeri inasema vingine. Wilaya hii ya zamani ina vijiji ambavyo hadi leo huitwa vya kikoloni, vilivyoundwa katika miaka ya 1950 wakati wa Hali ya Hatari, ambamo vizazi vitatu vimeishi katika vibanda visivyo na shamba. Mtu asiye na ardhi huhama panapopatikana ardhi. Kuelekea mwishoni mwa miaka ya 2000, serikali ilizihamishia familia zisizo na ardhi, zikiwemo zilizokuwa zikiishi kandokando ya misitu, katika mashamba ya Solio upande wa Laikipia. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilileta wimbi lingine kutoka Bonde la Ufa, la watu waliorejea kwa jamaa wa Mkoa wa Kati wakiwa na nguo walizovaa. Katika kila msafara wa aina hiyo huwamo walemavu, na mara nyingi ndio wanaoshushwa mwisho kutoka garini.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Anayezijua Othaya, Tetu na Mathira anajua kwamba huko hakuna uwanja. Nyumba imejengwa mgongoni mwa kilima, mto uko bondeni, na njia ya kwenda barabarani ni tope jekundu msimu wa mvua. Kiti cha magurudumu, hata kiwe kizuri namna gani, hakipandi mteremko huo. Kijana anayekipewa hukitumia ndani ya ua wenye urefu wa hatua 10. Ndiyo maana familia nyingi, mtoto akishakuwa mzito wa kubebwa mgongoni, hufikiria kukodisha chumba mahali pa tambarare: Mweiga, Nanyuki, Sagana, au kule chini kuelekea Mwea. Kwa familia ya namna hiyo kuhama ndiyo huduma yenyewe. Ndiyo njia ya mtu kuliona jua bila kubebwa na watu wawili.

Shule nazo huvuta. Mtoto asiyeona wa Nyeri anaweza kuishia St Lucy's, Igoji, katika Kaunti ya Meru. Mtoto kiziwi wa Kirinyaga anaweza kupelekwa Tumutumu, Nyeri. Wazazi wengine huamua kuhamia karibu na shule. Basari ya hazina ya eneobunge, ambayo hutolewa kwa wakazi wa eneobunge, haiwafuati kirahisi.

Huduma za afya zina mpaka wake pia. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, hospitali na zahanati za kaunti zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayefanyiwa mazoezi ya viungo katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri akihamia Laikipia anaanza upya katika hospitali ya Nanyuki. Faili halimfuati. Anachokwenda nacho ni lile daftari la mazoezi la bei ya chini ambalo mama ameandikiwa tarehe za kliniki, na mara nyingi ndilo rekodi kamili kuliko zote zilizopo. Miezi ya kusubiri tathmini mpya si muda wa bure: mguu usionyooshwa hujikunja, na ukishajikunja haurudi kwa urahisi.

Wahudumu wa afya ya jamii, ambao takriban 100,000 kati yao walipewa vifaa na serikali mnamo Septemba 2023, ndio waliokaribia zaidi kuwa huduma ya nyumbani kwa maana halisi. Kila mmoja ana kaya kama 100 za kutembelea, na hupewa Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti yake. Yeye ndiye anayejua kwamba katika nyumba ile ya nne kuna kidonda cha mgongoni kinachohitaji kuoshwa. Amepewa simu ya kuingizia taarifa hizo, kwa hiyo kidonda hicho sasa kimo katika mfumo wa kielektroniki wa taifa. Lakini mhudumu ni wa kijiji. Kaya ikihama, yeye huandika kwamba imehama, na kazi yake inaishia hapo. Haiwi kazi ya mtu yeyote kumpigia mwenzake wa upande wa pili kumwambia kwamba kuna mgonjwa anakuja.

Si kila haki ya mtu mwenye ulemavu nchini imefungwa na mahali. Aliyeajiriwa, akawa na cheti cha Mamlaka ya Ushuru, husamehewa kodi kwa mapato ya hadi Sh150,000 kwa mwezi. Msamaha huo unaambatana na nambari yake ya ushuru. Akihamishwa kazi kutoka Nyeri hadi Mombasa, au akahama kwa hiari yake mara tano kwa mwaka, hakuna baraza litakaloitishwa kumjadili, na hakuna mlemavu wa Mombasa atakayelalamika kwamba mgeni amechukua nafasi yake. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu vilevile ni ya kitaifa. Zamani fomu za tathmini ya daktari zililazimika kufika Afya House, Nairobi, kutiwa saini. Siku hizi maombi yamewekwa katika mtandao wa eCitizen.

Kwa maneno mengine, mlemavu mwenye mshahara mnono ana haki inayosafiri, na mlemavu asiyeweza kuinuka kitandani ana haki iliyopandwa ardhini kama mti. Hakuna mtu aliyekaa akapanga iwe hivyo. Msamaha wa kodi uliundwa kama stahili ya mtu binafsi, na malipo ya Inua Jamii yaliundwa kama mgao wa maeneo, kwa mantiki ileile inayogawanya madarasa na visima. Tofauti hiyo ya asili ndiyo inayoonekana leo barabarani kati ya Naro Moru na Nanyuki.

Hata mpiga kura anatunzwa vizuri zaidi. Tume ya Uchaguzi na Mipaka huruhusu aliyehama kuhamisha usajili wake kutoka eneobunge moja hadi jingine, na wanasiasa huhimiza jambo hilo kwa vipaza sauti. Mwanafunzi naye hupewa barua ya kuhamia shule nyingine. Ikiwa kura na nafasi ya darasani vinaweza kuvushwa mpaka, sababu ya kushindwa kuvusha Sh2,000 haiwezi kuwa ya kiufundi.

Upande wa sheria hauna utata mwingi. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini, na kile cha 54 kinazungumzia hadhi na haki za watu wenye ulemavu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu chake cha 18 kinataja uhuru wa kuchagua makazi, na cha 19 haki ya kuishi katika jamii huku mtu akipata usaidizi anaouhitaji nyumbani. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyotiwa saini Mei 2025 na kuchukua mahali pa ile ya mwaka 2003, imezipa majukumu ngazi zote mbili za serikali. Kaunti kadhaa nchini zina sheria zao pia. Haki ya kuhama ipo, na haki ya kusaidiwa ipo. Kinachokosekana ni mahali zinapokutana.

Hata hivyo, wanaotetea mgao wa maeneo wana hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Nafasi zikiachwa zimfuate mtu, miji yenye hospitali bora na barabara za lami itavutia wanufaika, na kaunti za mbali zitabaki na nafasi chache huku mahitaji yao yakiwa palepale. Mbunge wa eneo lililopoteza nafasi 20 atauliza kwa nini watu wake wengine 20 waliokuwa wakisubiri hawakuzipata. Aidha, baraza la kijiji, pamoja na upendeleo wake wote, ni kizuizi halisi dhidi ya ulaghai. Jirani anajua nani anatembea usiku na kuketi kwenye kiti cha magurudumu mchana. Mji mkubwa haujui.

Hoja hizo zinahusu kuingia katika orodha. Hazihusu mtu ambaye tayari amethibitishwa. Aliyekubaliwa na baraza la Naro Moru, akapimwa na madaktari na kulipwa kwa miaka sita, hana haja ya kuthibitishwa tena na baraza la Nanyuki kana kwamba mifupa yake imebadilika njiani. Na lile eneobunge alikotoka linaweza kujaziwa nafasi yake kutoka foleni bila kumnyang'anya yeye, ikiwa Hazina itakubali kwamba hesabu ya taifa itazidi kwa watu wachache. Hapo ndipo penye ubishi wa kweli, na ni ubishi wa pesa, wala si wa kanuni.

Nchi nyingine zimelishughulikia jambo hili kwa njia zinazofaa kutazamwa. Nchini Uingereza, huduma ya nyumbani hutolewa na halmashauri za mitaa, na kwa miaka mingi aliyehama alipoteza kila kitu mpakani kama ilivyo hapa. Sheria ya utunzaji iliyopitishwa kwa eneo la England mwaka 2014, na kuanza kutumika Aprili 2015, ilielekeza kwamba halmashauri anakokwenda mtu ipelekewe mpango wake na imtathmini kabla ya siku ya kuhama. Ikishindwa kumaliza tathmini kwa wakati, ni lazima imhudumie kwa kufuata mpango wa halmashauri ya zamani hadi itakapokamilisha wake. Uzito wa kuchelewa umewekwa juu ya ofisi, si juu ya mgonjwa. Afrika Kusini ilichagua njia nyingine: ruzuku za ulemavu hulipwa na shirika moja la taifa, kwa viwango sawa katika mikoa yote, na kuna nyongeza kwa anayehitaji kutunzwa muda wote. Huko mpaka wa mkoa hauna la kusema.

Kenya haihitaji utajiri wa England kuiga kile kipengele kimoja, cha kuendelea kumlipa mtu mpaka ofisi mpya imalize kazi yake. Sajili ya pamoja ya wanufaika ipo, na imejengwa juu ya nambari za vitambulisho. Ofisi za maendeleo ya jamii zipo katika kila kaunti ndogo. Kinachohitajika ni amri kwamba jina lisifutwe kwa sababu ya kuhama, na kwamba uhakiki ufanyike mahali mtu analala.

Eneo la Mlima Kenya lina sababu ya kulisukuma jambo hili mbele ya mengine. Katika sensa ya mwaka 2019, Embu ndiyo iliyoongoza kaunti zote nchini kwa kiwango cha watu wenye ulemavu, kwa asilimia 4.4, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 2.2. Embu imepakana na Kirinyaga, Kirinyaga imepakana na Nyeri, na watu huoana, huzikana na kupokezana wagonjwa wao katika mipaka hiyo kila mwezi. Magavana wa kaunti hizi hukutana mara kwa mara kuzungumzia kahawa, majani chai na maziwa. Makubaliano ya kupokea faili la mgonjwa wa jirani yangegharimu kidogo kuliko chakula cha mchana cha mkutano mmoja wa namna hiyo.

Kwa sasa, familia inayojiandaa kuhama haina budi kujisaidia. Afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo anafaa kuarifiwa kabla ya lori kuja, wala si baada ya malipo kukwama, na barua ya chifu wa zamani ichukuliwe wakati angali anamjua mgonjwa kwa sura. Mlezi akiwa mzee au mgonjwa, ni vyema jina la atakayempokea lijulikane ofisini mapema. Akaunti ya benki isiachwe ilale kwa miezi mingi bila kutolewa chochote. Kliniki iombwe muhtasari wa matibabu kwa maandishi, na kadi ya Baraza la Kitaifa ibebwe, kwa kuwa hiyo haihitaji kubadilishwa. Simu ya jirani mmoja mwaminifu wa kijijini ihifadhiwe pia, yule atakayepiga asubuhi ya siku ambayo chifu atatangaza kwamba wanufaika wote wafike kuhesabiwa.